Sarafu za shaba za Kirumi zenye picha nzuri mgongoni: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Mbona sarafu ya miaka 1,700 inauzwa kwa bei ya chakula cha hotelini? Nitajuaje kama ni ya kweli? Herufi zile za chini zinasema nini? Niisafishe na nini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio utakaouhitaji. Umeshika sarafu za karne ya 4 BK, za mtawala Constantine na jamaa zake, kwa sababu ndizo zilizojaa sokoni na picha za migongo yake zinatosha kukushughulisha kwa miaka.

La bei lina jibu fupi. Viwanda vya dola ya Roma vilipiga sarafu hizi kwa wingi mno, na watu walizifukia ndani ya vyungu kila hali ilipochafuka. Vyungu hivyo bado vinafukuliwa Uingereza, Ufaransa na nchi za Balkani. Umri peke yake haupandishi bei. Kinachoipandisha ni uchache na uzuri.

Humu "kichwa" ni upande wenye sura ya mtawala, na "mgongo" ni upande wa pili.

Vya kuandaa kabla ya kununua

- Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Usinunue ya mara 30 au 60. Utaona eneo dogo sana na giza tupu pembeni.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama ya wauza dhahabu.
- Kalipa ya plastiki, ya kupimia kipenyo. Ya chuma itakwaruza ukingo wa sarafu.
- Taa ya mezani yenye shingo inayopindika.
- Vijiti vya meno na mswaki laini wa mtoto.
- Maji yaliyokenekwa, lita 2 hivi. Ni yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta, lakini soma chupa vizuri: mara nyingi pembeni yake huwekwa chupa ya asidi ya betri inayofanana nayo, na asidi hiyo itaimaliza sarafu yako na kukuunguza mikono.
- Asetoni safi kutoka duka la kemikali. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi huwa na mafuta na manukato, haifai.
- Vifuko vya Mylar (plastiki ya poliesta) au vishikio vya kadibodi vyenye kidirisha cha Mylar, pamoja na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu.
- Daftari, au jedwali kwenye kompyuta.

Kwa fedha, tenga kama dola 150 za Marekani kwa sarafu nne au tano za mwanzo. Pungufu ya hapo utaishia kununua vipande vilivyolika.

Hatua ya 1: Chagua picha kwanza, mtawala baadaye

Anayekusanya watawala hukwama mapema, maana wapo waliotawala miezi michache na sarafu zao ni ghali. Anayekusanya migongo huanza na kitu kizuri siku ya kwanza. Hizi ndizo aina ninazozipendekeza, kwa mpangilio wa urahisi.

*Askari wawili*, maandishi GLORIA EXERCITVS, yaani "utukufu wa jeshi". Tangu 330 walisimama na bendera mbili za kijeshi katikati yao. Sarafu ina milimita 17 hadi 18 na gramu 2.5 hivi. Kama 335 au 336 ilipunguzwa uzito ikabaki gramu 1.6 hivi, na bendera ikawa moja. Nunua moja ya kila aina uziweke pamoja, na utaona pesa ya dola ya Roma ikipungua thamani mbele ya macho yako.

*Mbwa-mwitu na mapacha.* Upande wa kichwa yupo mungu-mke Roma amevaa kofia ya vita na maandishi VRBS ROMA. Mgongoni mbwa-mwitu jike anawanyonyesha Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, amegeuza shingo kuwatazama, na nyota mbili zipo juu. Hapa angalia jambo moja kwa makini: mapacha. Sehemu ya kofia ya Roma iliyoinuka ilinyonya chuma nyingi wakati wa kupigwa, kwa hiyo mara nyingi ubavu wa mbwa-mwitu na vichwa vya watoto hutoka bapa hata kama sarafu haikutumika sana. Sarafu yenye mapacha wote wawili wanaoonekana miguu na mikono inastahili kuongezewa dola kumi.

*Ushindi juu ya omo la jahazi*, yaani mungu-mke wa ushindi mwenye mabawa akisimama kwenye omo. Hii ni pacha wa ile ya juu, kichwani CONSTANTINOPOLIS. Zote mbili zilianza wakati jiji jipya la Constantinople lilipozinduliwa, Mei 330.

*Lango la ngome*, PROVIDENTIAE AVGG au PROVIDENTIAE CAESS, kama 324 hadi 330. AVGG ni za watawala wakuu, CAESS ni za warithi wao. Hapa kuna kazi ya kuhesabu: tabaka za mawe, minara juu (kwa kawaida miwili), na nyota.

*Mpanda farasi anayeanguka*, FEL TEMP REPARATIO, iliyoanza 348 chini ya Constantius II na Constans, wana wa Constantine. Maneno yake yanatangaza kwamba nyakati njema zimerejea. Picha ni askari wa Kirumi akimchoma mkuki adui anayeporomoka na farasi wake. Aina hii ndiyo shule bora kuliko zote. Adui yumo katika mikao minne: amenyoosha mkono nyuma, ameketi akikutazama, amekumbatia shingo ya farasi, au amepiga magoti. Maandishi hayohayo yana picha nyingine pia: mtawala amesimama jahazini, ndege finiksi juu ya tufe, na askari akimtoa mtu mdogo kibandani chini ya mti. Unaweza kujenga mkusanyo mzima kwa maneno haya matatu tu, bila kuchoka.

Ukishaizoea karne ya 4, ziko mbili za kuwekea akiba. Moja ni ya Magnentius ya 353, yenye alama kubwa ya Kristo, herufi Chi na Rho zilizopachikana, katikati ya alfa na omega. Nyingine ni fahali wa Julian (361 hadi 363) mwenye nyota mbili juu, SECVRITAS REIPVB, sarafu nzito ya gramu 8 na zaidi. Kwa nakala nzuri zote mbili huvuka dola mia.

Wapenda wanyama warudi nyuma kidogo, kwa Gallienus, miaka ya 267 na 268. Roma ilipiga mfululizo wa kuwaomba miungu ulinzi, kila mungu na mnyama wake: swala na kulungu wa Diana, kentauri (nusu mtu nusu farasi) na grifoni (simba mwenye kichwa na mabawa ya tai) wa Apollo, chui wa Liber, farasi-samaki wa Neptune, mbuzi wa Jupiter. Ni shaba yenye fedha kidogo sana, milimita 18 hadi 21. Nyingi zimepigwa vibaya, kwa hiyo subiri ile ambayo mnyama yumo wote, kuanzia pembe mpaka kwato.

Hatua ya 2: Jifunze kuisoma kabla ya kulipa

Anza na jina. V ni U. Majina matatu ndiyo yanayowachanganya watu: CONSTANTINVS, CONSTANTIVS, CONSTANS. Usisome neno lote. Nenda moja kwa moja kwenye mwisho wake. Ukiona -TINVS ni Constantine, baba au mwana. Ukiona -TIVS bila N ni Constantius. Ukiona -ANS ni Constans. Halafu soma cheo: MAX AVG ni baba, IVN NOB C ni mwana wake aliyekuwa bado mrithi.

Kisha shuka chini ya mstari wanaposimama watu wa picha. Pale pana alama ya kiwanda, na ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Chukua SMALA: SM ni "fedha takatifu", AL ni Alexandria, A ni karakana ya kwanza. TRP ni Trier, karakana ya kwanza. Magharibi karakana huandikwa P, S, T, Q, yaani ya kwanza hadi ya nne kwa Kilatini. Mashariki hutumia herufi za Kigiriki. Nyingine utakazokutana nazo kila wiki: SMANT ni Antiokia, SMK ni Cyzicus, SMN ni Nicomedia, SMTS ni Thessalonica, SIS ni Siscia (leo Sisak, Kroatia), PLG ni Lyon, AQ ni Aquileia, R ni Roma.

Mtego mkubwa ni huu. CONS ni Constantinople, lakini CONST ni Arles ya Ufaransa, ambayo ilipewa jina la Constantina. Angalia karakana imekaa wapi: Arles huitanguliza, PCONST au SCONST, Constantinople huiweka mwisho, CONSA, CONSB. Wauzaji wengi wa mtandaoni hukosea hapa.

Tarehe za viwanda nazo zitakulinda. Kiwanda cha London kilifungwa 325, na askari wawili walianza 330. Anayekuuzia GLORIA EXERCITVS ya London ama ameisoma vibaya PLG, ama ameshika sarafu ya kuigiza.

Hatua ya 3: Nunua tatu za kwanza kwa muuzaji wa kitaalamu

Tafuta muuzaji anayeandika uzito, kipenyo, kiwanda na namba ya katalogi, na anayekubali kurudishiwa sarafu ikithibitika si halisi hata baada ya muda mrefu. Askari, mbwa-mwitu au lango la hali nzuri hupatikana kwa dola 15 hadi 40. Kwenye mnada, ongeza ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 hivi, pamoja na posta, kabla hujataja bei. Sarafu ya dola 20 inaweza kukufikia kwa 45, kwa hiyo nunua kadhaa kwa pamoja.

Uliza asili yake. Uturuki na Misri haziruhusu mambo ya kale kutoka nje ya nchi, na watalii wamekamatwa uwanja wa ndege wakiwa na sarafu chache mfukoni. Usinunue kwa mtu anayekutumia moja kwa moja kutoka huko. Tunza risiti na kile kikaratasi cha muuzaji, hata kiwe kichakavu kiasi gani. Na kwa msomaji wa pwani yetu: sarafu unayoiokota Kilwa au Gedi si ya kubeba. Ni mali ya kale inayolindwa na sheria. Iache ilipo uwaarifu wahusika wa makumbusho.

Usianze na mafungu ya sarafu zenye udongo yanayouzwa kwa uzani au kwa idadi. Nzuri zilishachambuliwa kabla hazijakufikia.

Hatua ya 4: Ikague siku inapofika

Ishike kwa ukingo, juu ya kitambaa. Pima uzito na kipenyo, linganisha na aina yake. Tofauti ya robo ya uzito ni ya kawaida kwa sarafu hizi, ila ikiwa nusu ya uzito, simama hapo uchunguze.

Pitisha lenzi kwenye ukingo mzima. Mstari unaozunguka katikati ya ukingo ni alama ya kalibu: chuma kimemiminwa, hakikupigwa. Kwenye uso tazama vishimo vidogo vya mviringo, ambavyo ni mapovu ya hewa, na herufi zenye mabega laini kana kwamba zimeyeyuka. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo ina herufi zinazosimama wima kutoka kwenye uso, na mara nyingi ukingo una mipasuko midogo.

Kisha tafuta pacha wake mtandaoni. Kila sarafu ilipigwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna mbili zenye umbo la ukingo linalolingana, mpasuko ule ule na doa pale pale. Ukiipata inayofanana hivyo, zote mbili zimetoka kalibu moja.

Iloweke katika asetoni dakika 15, kwenye chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Asetoni haidhuru chuma wala patina halisi, yaani utando wa rangi unaojengeka juu ya shaba kwa miaka mingi. Ule mchanga mzuri wa rangi ya jangwa ukiondoka wote ukaacha chuma kikavu, ulibandikwa kwa gundi.

Ukipanda baadaye kwenye sestertius, zile kubwa za karne ya 1 na ya 2 zenye gramu 25 hivi, hofu inabadilika. Huko wapo wanaochonga upya nywele na herufi zilizolika. Na uigaji wake ni wa zamani: Giovanni da Cavino wa Padua alikuwa akitengeneza za kwake katika karne ya 16.

Hatua ya 5: Itambue na uiandikie

Namba za RIC (Roman Imperial Coinage, katalogi kuu ya sarafu za Kirumi) ndizo lugha ya pamoja ya wauzaji na wakusanyaji. Juzuu ya VII ni ya 313 hadi 337, ya VIII ni ya 337 hadi 364. Namba huanza upya kwa kila kiwanda, kwa hiyo "RIC VII 200" bila jina la kiwanda haina maana. Hifadhi ya mtandaoni iitwayo OCRE ni ya bure: chagua mtawala, kiwanda, kisha andika maneno ya mgongoni.

Daftarini andika mtawala, maandishi ya pande zote mbili kama yalivyo, alama ya kiwanda, uzito, kipenyo, ulikonunua, tarehe na bei. Herufi usiyoiona weka mabano matupu. Usiijaze kwa kukisia.

Hatua ya 6: Kusafisha, pale tu inapobidi

Patina ya kijani au kahawia iliyo laini ndiyo ngozi ya sarafu, na maelezo ya picha yamo ndani yake. Ukiikwangua, umekwangua picha. Siki, ndimu, ukwaju, dawa za kung'arishia shaba na waya wa kusugulia sufuria vyote vinaiondoa kwa dakika chache, na hairudi tena.

Kama kweli imefunikwa na udongo, iloweke katika maji yaliyokenekwa. Badilisha maji kila siku tatu au nne, ukipiga mswaki polepole kila unapobadilisha. Udongo ulioshikamana hung'olewa kwa kijiti cha meno kilicholowa, chini ya lenzi, ukianzia sehemu tupu ya uso kuelekea kwenye picha. Kazi hii huchukua wiki, pengine miezi. Ukiona rangi nyekundu ya shaba inachungulia, acha hapo hapo.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Adui ni unyevu na chumvi, na anayeishi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Muscat anavyo vyote viwili. Weka sarafu kwenye kasha linalofunga vizuri lenye silika jeli, na kipimo kidogo cha unyevu ndani yake. Lenga chini ya asilimia 40. Silika ikijaa maji ikaushe kwenye oveni ndipo uirudishe.

Vifuko laini vinavyonuka plastiki ni PVC. Baada ya muda hutoa ute wa kijani unaonata. Droo za mbao ziwe za mahogani. Mbao za mwaloni hutoa asidi.

Ukikwama

*Maandishi hayasomeki.* Zima taa ya dari, leta taa ya mezani usawa wa meza, uzungushe sarafu polepole. Herufi zilizolika hutupa kivuli kwa pembe moja tu. Piga picha katika kila pembe.

*Herufi hazileti neno lolote.* Huenda ni mwigo wa zama zile zile. Mbwa-mwitu na mpanda farasi waliigwa sana katika majimbo ya magharibi, wakiwa wadogo na wachongaji wasiojua kusoma. Ni sarafu za kale kweli, zina wapenzi wake, na hazipaswi kutupwa kapu moja na za kughushi za leo.

*Ute wa kijani unanata.* Ni PVC. Asetoni, suuza, badilisha kifuko.

*Unga wa kijani kibichi kilichopauka unaojirudia.* Huo ni ugonjwa wa shaba: kloridi iliyomo ndani inakula chuma kila inapopata unyevu. Jaribu kwa ncha ya kijiti. Patina ni ngumu, ugonjwa huvunjika kama vumbi. Itenge sarafu siku hiyo hiyo. Kwangua unga wote kwa sindano chini ya lenzi hadi vishimo viwe safi. Tengeneza mchanganyiko wa sodiamu kabonati na sodiamu baikabonati, gramu 25 kwa 25 katika lita moja ya maji yaliyokenekwa, uiloweke humo kwa wiki kadhaa ukibadilisha kila wiki. Magadi yanayotoka ziwa Magadi au Natron kwa asili yake ni mchanganyiko huo huo, lakini usiyatumie mabichi: yana chumvi, na chumvi ni kloridi unayojaribu kuiondoa. Nunua kemikali safi za maabara. Baadaye loweka kwenye maji yaliyokenekwa kwa wiki nyingine, kausha kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja au mbili, kisha iangalie kwa mwezi mmoja kabla ya kuipaka nta laini ya makumbusho. Patina inaweza kubadilika rangi kidogo, na hilo ni afadhali kuliko shimo.

*Kifurushi kimezuiwa forodhani.* Muuzaji aandike kilichomo kwa ukweli, "sarafu za kale za mkusanyaji", kichwa cha ushuru 9705, na thamani halisi. Kabla ya kulipa muulize anatuma kwa njia gani. Posta nyingi hazipokei sarafu katika barua ya kawaida isiyo na bima, na kikipotea huna pa kudai.